Zoezi Linafutwa

Mwalimu wangu wa kamera hana picha ya karibu ya mke wake. Angekuwa mtu mwingine yeyote wa kwetu Kawajense ningesema ni kawaida, wangapi wamezika watu wao bila picha ya maana. Lakini huyu alitufundisha kupiga picha kwa kumtumia mke huyohuyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka nenda miaka rudi: mbali, kati, karibu, kamera juu, kamera chini, ubavuni, mgongoni. Sidhani kama Mpanda nzima kuna mwanamke aliyepigwa picha kumzidi yule mama. Na zote tulizifuta. Nikilifikiria hili nakasirika, halafu natafuta wa kumkasirikia namkosa.

Kwao Mwalimu ni milimani huko, Mwese. Zaidi ya hapo sikuwahi kumchimba na yeye hakupenda kuchimbwa. Siku za shule alifundisha Jiografia katika sekondari moja ya mjini, na hiyo Jiografia aliifundisha kwa upole tu, kama mtu anayetimiza wajibu. Jumamosi ndipo alipobadilika. Wanafunzi tuliopenda mambo ya filamu tulikwenda uani kwake asubuhi, na tukimkuta amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni tulijua leo ni kazi. Alikuwa mfupi, mwenye miwani minene, na alikuwa na tabia ya kukatiza mazungumzo, akaunganisha vidole vyake vinne kuwa dirisha, akakutazama humo kwa jicho moja huku wewe ukiendelea kuongea ovyo. Ukimaliza anakwambia, "Umesimama vibaya." Ulichokuwa unasema hajakisikia.

Kamera ilikuwa moja, ya zamani, ya kushika kwa mkono mmoja, aliyoinunua kwa mpiga video wa harusi aliyehama mji. Kuigusa ilikuwa kama kupata kipaimara. Kwanza unatumia katoni. Alitukatia makatoni ya sabuni akatoboa dirisha katikati, akatuambia tutembee nayo mitaani tukitazama dunia kwa hilo dirisha mpaka tutakapoacha kuona vitu na kuanza kuona picha. Tukaenda. Sisi na makatoni yetu, tunasimama mbele ya nyumba ya mtu, tunafumba jicho, tunarudi nyuma hatua, tunasogea mbele, tunanong'onezana. Kabla ya mchana mtaa ulikuwa umejaa habari kwamba wamekuja watu wa kupima, nyumba zitavunjwa. Mama mmoja alitoka na hati ya kiwanja ameikumbatia, analia kabisa. Mwalimu aliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kujieleza.

Alivyojieleza sasa. Alimpiga mwenyekiti picha mbili. Moja yeye Mwalimu akiwa amesimama juu ya kiti, kamera ikitazama chini, na nyingine akiwa amelala chali sakafuni, kamera ikitazama juu. Ya kwanza mwenyekiti alionekana mtoto aliyefukuzwa shule. Ya pili alionekana mtu wa kufungua daraja. "Unaona sasa ninachowafundisha hawa?" Mwalimu akasema. Mwenyekiti alielewa kupita kiasi. Mkutano wa mtaa uliofuata alitaka urekodiwe, na alitaka mpiga kamera alale chini mwanzo mpaka mwisho.

Masomo yake yote yaliishia kwenye picha tatu. Alizisema kwa sauti ya kufundishia mito na mabonde. "Ya mbali inakwambia mtu yuko wapi. Ya kati inakwambia anafanya nini. Ya karibu inakwambia ana nini moyoni. Nyie mkikosa mojawapo, mtazamaji mmemuibia." Na kuikuza picha kwa kitufe alikataza kabisa. Kamera ilikuwa na hicho kitufe, tena kizuri, kinavuta mtu aliye ng'ambo ya barabara mpaka unaona kipele. Ukikigusa anakupiga kofi la mkono. "Uvivu huo! Mtu unataka kumuona karibu, mfuate. Miguu umepewa ya nini?"

Alikuwa pia na ugomvi na miwani. Alisema miwani inaiba picha, kwa kuwa ukimpiga mtu aliyevaa miwani utamkuta ndani ya vioo mpiga picha, na stendi ya kamera, na mawingu, na kuku waliopita. Kwa hiyo anayepigwa picha ya karibu anavua. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kurekodiwa salamu za Krismasi alikataa kuvua yake, akidai bila miwani waumini hawatamtambua. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mzee alivua, na kweli, wengi hawakumtambua.

Sasa Mama. Sisi tulimwita Mama tu, wala hatukuhitaji kuongeza jina la mtoto kwa sababu hawakujaliwa mtoto. Alikulia Katumba, wazazi wake ni wale waliotoka Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mlegezo mzuri wa huko. Kazi yake katika somo ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, ungo wa maharage mapajani, na sisi tunamzunguka na kamera. Hakuacha kuchambua maharage kwa ajili yetu. Yule aliyeshika kamera aliuliza, "Mama, tayari?" na yeye alijibu ndiyo kwa Kirundi, "Ego." Hapo ndipo unabonyeza. Mpaka leo nikiwa narekodi harusi ya watu, bibi harusi amesimama mlangoni, kabla sijabonyeza huwa nasubiri mtu aseme ego.

Usidhani alikuwa mama wa kukaa kimya. "Leo mnataka shavu gani?" alituuliza. "La kushoto limechoka, mlilimaliza wiki iliyopita." Alitujua kila mmoja kwa udhaifu wake. Mimi alinitania kwamba nashika kamera kama nimebeba mtoto wa jirani. Mwalimu akiwa amegeuka anatufafanulia jambo zito, yeye nyuma yake anaukunja uso, anavuta mdomo upande, anakodoa jicho moja kumuigiza Mwalimu na dirisha lake la vidole, mpaka tunavunjika mbavu na Mwalimu anadhani tunacheka Jiografia. Na kulikuwa na uso mwingine aliomfanyia Mwalimu peke yake. Huo sisi hatukuwahi kuuona, maana aliufanya akiwa ametupa mgongo. Tulichoona ni Mwalimu, katikati ya ukali wake, ghafla anapoteza maneno na kucheka kwa pua.

Somo likiisha tulikaa mkekani, kamera inaunganishwa na televisheni kwa waya, tunatazama tulichopiga. Tunakosoana. Kichwa kimekatwa, mkono unatetemeka, mwanga umetoka nyuma, Mama amekuwa mweusi tii. Halafu Mwalimu anauliza, "Nani anafuta?" Kadi ya kamera ilikuwa moja, ndogo, na Jumamosi ijayo ilihitajika tupu, hilo ni kweli. Lakini hata ingekuwa kubwa angefuta. Aliamini mtu akitunza mazoezi yake anayapenda, na akiyapenda hakui. "Zoezi siyo kazi. Zoezi linafutwa." Kufuta ilikuwa heshima, anapewa aliyekosea zaidi, ili aondoke nyumbani mwepesi. Wote tulipiga makofi. Mama naye alipiga makofi, na siku moja alisema, "Na mimi mnanifuta kila wiki, wala sichoki kurudi."

Kinachonishangaza ni kwamba Mwalimu huyohuyo nyumbani kwake hakutupa kitu. Vipande vya chaki vilivyobaki ukubwa wa punje ya mahindi alivitunza kwenye kopo. Redio zilizokufa zilipangwa kabatini. Alikuwa na kamba za viatu ambavyo havikuwepo tena. Mama alilalamika kwamba siku moja watalala nje, vitu vilale ndani.

Jioni na siku za sikukuu Mwalimu alirekodi harusi za watu, na Mama ndiye aliyemshikia taa. Ile taa kubwa yenye waya mrefu. Alisimama kando ya kamera, mkono juu, kanisani, ukumbini, kwenye mabanda ya turubai. Katika wageni wote yeye peke yake alijua picha inaishia wapi, na alisimama hapohapo inapoishia. Bibi harusi akigeuka, taa inageuka. Wakikata keki, taa imeshafika. Watu walimsifu Mwalimu kwa picha zenye mwanga mzuri, naye alizipokea hizo sifa.

Mama alipougua ilikuwa kipindi cha mvua. Ilianza miguu kuvimba, wakasema presha, baadaye wakasema figo, ikaandikwa rufaa ya Mbeya. Tulimchangia nauli na dawa kama watu wanavyochangiana. Mwalimu alikwenda naye na kurudi naye, na kila waliporudi Mama alikuwa mdogo zaidi ya alivyokwenda. Jumamosi zile Mama hakuweza kukaa kwenye kigoda. Mwalimu hakutaka somo life, na Mama mwenyewe alipiga kelele kutoka chumbani, "Msikae bure nyie, pigeni!" Kwa hiyo tuliweka dumu la maji juu ya kigoda. Dumu la njano la kawaida. Tukalipiga picha mbali, kati, karibu. Mwalimu alisahihisha kama kawaida.

Mama alifariki kabla mvua haijakatika. Msibani, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe, ilihitajika picha. Ikakuzwa ile ya kitambulisho cha taifa. Unajua zile picha zilivyo, mtu amebanwa ukutani, ameambiwa asicheke, mwanga mmoja tu usoni. Mwalimu alifika, akaitazama, akaunganisha vidole, akaviachia. "Huyu wamempata wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ni Mama, Mwalimu, ni ya kitambulisho. Akasema, "Naona. Namuulizia yule mwingine."

Siku zilizofuata ndipo kazi ya kutafuta ilipoanza, na ninaisema kazi kwa sababu tuliifanya kama kazi. Mwalimu hakutaka mengi. Alitaka picha moja ya karibu, Mama akiwa hai, akiuchezesha uso. Tukaanza na harusi. Tulitazama harusi za nusu ya mji, za watu walioachana na za watu waliokufa, tukimtafuta pembeni, nyuma, kwenye foleni ya chakula. Hayupo. Yupo mwanga wake tu, unageuka kila anapogeuka bibi harusi. Mara moja uliingia mkono, ukatoka. Mwalimu alisimamisha picha hapo na tukautazama mkono.

Kwenye simu za majirani Mama yumo, tusidanganyane. Yumo kwenye mstari wa akina mama wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani katika vitambaa vyeupe vingi. Yumo shambani kwa mtu, ameinama. Albamu yao ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, yamebaki majalada. Mwalimu alishukuru kila aliyeleta. Halafu tukibaki peke yetu alisema, "Hizi ni za mbali. Najua alikuwa wapi. Nilikuwepo."

Tukaipeleka kadi kwa fundi simu pale sokoni, kijana mpole anayejua kurudisha vilivyofutwa. Aliiweka kwenye kompyuta yake, akatuambia turudi jioni. Sijawahi kuwa na matumaini kama ya mchana ule. Mwalimu alivaa shati la Jumamosi, akafunga vifungo mpaka shingoni. Tulipofika fundi alikuwa anatabasamu. "Zimerudi, mzee! Zimerudi nyingi tu." Akageuza kioo. Dumu la njano, mbali. Dumu la njano, kati. Dumu la njano, kamera chini, limesimama na hadhi zote. Dumu kwa karibu, mpaka unaona ufa wa mfuniko. Fundi aliendelea kufungua moja baada ya nyingine akitusubiri tufurahi. "Kabla ya hizi?" Mwalimu akauliza. Fundi akasema kabla ya hizi hakuna, mzee, hizi zimekalia zile. Mwalimu akamshukuru. Njiani nililia nikitembea, na watu wakatupisha.

Baada ya hapo nilikata tamaa, na miezi ikapita. Mwalimu aliacha somo. Kamera aliifunga kwenye kitambaa.

Aliyepata picha ni Neema. Huyu tulisoma naye uani pale, sasa ameolewa Kibaoni anauza mchele. Enzi zile Jumamosi nyingine alikosa kwa sababu ya mavuno ya mpunga kwao, na siku moja aliyokosa betri ya kamera ilikuwa imekufa, tukatumia simu yangu. Nikamtumia Neema klipu moja ili asiachwe nyuma. Simu yangu ile iliibiwa stendi siku nyingi. Ya kwake alimpa mama mkwe. Akanipigia anahema. "Dada, nilikuwa natafuta picha za mtoto kwenye simu ya mkwe wangu. Kumbe ninayo! Mama yumo, anaongea!" Nikamwambia nitumie. Alipoituma nikaifungua, nikakaa chini. Nilijua mara moja ni somo gani.

Ilikuwa picha ya begani. Ile ambayo kamera inakaa nyuma ya mtu mmoja, bega lake linaonekana pembeni, na mbele yake uko uso wa yule anayeongea naye. Siku hiyo Mwalimu alikubali, kwa mara moja tu ninayoikumbuka, kukaa upande wa kupigwa. Mwenye bega alikuwa Mama.

Niliwaza kutompelekea Mwalimu. Halafu nikawaza mimi ni nani wa kumnyima.

Nilimkuta uani, Jumamosi, ameshika tama kwenye kigoda chake mwenyewe, kile cha Mama kikiwa palepale mlangoni mwa jiko. Alikuwa amekonda. Vifungo viwili vya shati vilikuwa wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Harusi zinaendaje?"

"Zinaenda. Mwalimu, Neema amepata kitu. Lakini siyo unachotaka."

Nilimpa simu. Inaanza na sauti yangu, ya kitoto kidogo: "Mama, tayari?" Na yeye: "Ego." Mwalimu aliirudisha hapo mara nyingi kabla ya kuruhusu iendelee. Kisha ikaendelea. Bega la kitenge, ncha ya kilemba, sikio, vyote vimefifia kwa kuwa nilifanya sawasawa alivyonifundisha, nikaweka ukali wa picha kwa anayetazamwa. Na katikati, safi kabisa, Mwalimu.

"Mama hageuki?" akauliza.

"Hageuki."

Aliisogeza simu karibu na miwani yake. "Kuza," akasema.

Nilidhani sijasikia. Maisha yangu yote hakuwahi kulitamka neno hilo kwa wema. "Kuza hapa, kwenye macho. Miwani inaiba, si nilikuwa nawaambia? Lazima imemuiba Mama." Nikakuza. Picha iliyopita WhatsApp haina nguvu, ikaanza kuvunjika vipande, lakini hata kabla haijavunjika tulishaona. Hakuwa na miwani. Ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa vizuri juu ya goti.

"Nilivua," akasema.

"Ulivua, Mwalimu."

"Ndiyo. Ya karibu unavua."

Nikataka kuichukua simu, akaikatalia. Klipu ilikuwa bado inakwenda. Mwalimu wa ndani ya simu anaongea na Mama kwa ukali wake wa kuigiza, jambo la maharage na chumvi, na ghafla anapoteza maneno. Anacheka kwa pua. Nyuma ya kamera tunasikika na sisi tukicheka bila kujua tunacheka nini. Bega linatikisika kidogo. Kisha inakatika.

"Hapo alifanya uso," nikasema.

"Alifanya."

"Uliuona? Hukuwa na miwani."

"Mbali ndiyo sioni. Karibu naona vizuri tu." Alikuwa amechangamka ghafla, ameweka simu kando, amenigeukia. "Ule wake! Nyie hamkuwahi kuuona?"

"Hatukuwahi, Mwalimu. Alikuwa anatupa mgongo."

"Basi ngoja nikuonyeshe."

Akavua miwani. Akaukunja uso wake, akavuta mdomo kushoto, akainua nyusi moja. Akatulia hivyo, akisubiri nicheke. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, siyo hivyo." Akajaribu tena, safari hii mdomo umefungwa, mashavu yamejaa. "Siyo hivi. Jicho lilikuwa linafanya namna fulani." Akajipapasa uso kwa vidole kama anayetafuta mahali pa kushika. Kamera yangu ilikuwa ndani ya begi miguuni, ina betri, ina kadi kubwa ambayo haijai, na sikujua niitoe nifanye nini.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo, unakuja."

Nikangoja. Akajaribu tena.